Mlango wa bafu wa kioo: toboa kabla ya tanuri

Kioo cha tempa hakikatwi wala hakitobolewi tena kikishatoka kiwandani. Kimepashwa moto hadi nyuzijoto 620 hivi, kisha kikapulizwa hewa baridi ghafla, uso ukabaki umejibana. Ukikigusa kwa drili, chote kinamwagika chembechembe. Kwa hiyo matundu ya bawaba na kishikio yapimwe mapema, ila baada ya vigae kubandikwa, maana ukuta haunyooki kama ramani inavyodai. Unene milimita 8 au 10. Fundi asikisimamishe juu ya vigae vitupu, aweke ubao au kadibodi: kona ndiyo udhaifu wake. Paa la kioo ni habari nyingine. Huko weka kioo cha lamineti, yaani vioo viwili vilivyogandishwa pamoja kwa utando: kikipasuka, vipande hushikwa na utando huo wa kati.