Rejeta ya Pijo yenye injini ya Toyota: jinsi ya kuichagua isichemshe Sachangwan

Mzee mmoja wa hapa Nakuru aliniletea Pijo 504 steshenwagoni, ile ya viti safu tatu, ya enzi ambazo ukienda Kisumu ulipanda Pijo kabla Nissan hazijateka barabara. Injini yake ya asili ilishazikwa zamani. Ndani ya boneti ilikaa 3L ya Toyota, dizeli ya cc 2,779 isiyo na tabo, iliyotolewa kwenye Hiace. "Fundi," akaniambia, "mjini haina neno. Nikianza tu kupanda Sachangwan, mshale unalala kwenye nyekundu."

Nilifungua boneti nikacheka kimoyomoyo. Rejeta ilikuwa ile ile ya Pijo. Aliyebadilisha injini aliiacha kwa sababu ilikuwa na nafasi yake na mabano yake, basi. Mzee naye akajitetea: "Gari hili lilishinda Safari Rally 1975, likashinda tena 1978." Nikamwambia, "Mzee wangu, yalishinda yakiwa na injini zao."

Mwongozo huu ni wa yeyote aliyetia injini ngeni kwenye gari kuukuu, liwe Pijo, Datsun au Landrova. Nafasi iliyo chini ya boneti haikwambii ununue rejeta ipi. Injini ndiyo inayosema, pamoja na mlima unaoupanda.

Hatua ya 1: Hakikisha kosa ni la rejeta

Gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa likishika mwendo lina njaa ya upepo, kwa hiyo tazama feni kwanza. Linalotulia mjini na kuchemsha mlimani, hapo rejeta ni ndogo au imeziba. Linalochemsha popote pale, anzia kwingine. Washa injini ikiwa baridi, kifuniko cha rejeta kikiwa nje. Mapovu yakipanda mfululizo bila kukoma, gesi ya silinda inapenya gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, na hakuna rejeta itakayoponya hilo. Kisha mtu akanyage mafuta wewe ukitazama mpira wa chini. Ukinywea kama mashavu ya mtoto anayefyonza soda kwa mrija, maji hayapiti. Mpira huo unavutwa na wota pampu, ndiyo maana mingine huwekewa springi ndani.

Halafu kuna thamostati, kile kilango kinachofungulia maji njia ya kwenda rejeta injini ikishapata moto. Mafundi wengi tuna ugonjwa wa kuitoa na kuitupa gari likichemsha. Irudishe. Bila thamostati injini hukimbia baridi ikiteremka, dizeli haiungui vizuri, na mlimani itachemsha vile vile kama rejeta ni ndogo.

Hatua ya 2: Pima rejeta ya gari lililotoa injini

Takriban theluthi ya nguvu iliyomo kwenye mafuta haifiki magurudumuni wala haitoki kwa egzosi. Huishia kwenye maji ya rejeta kama joto. Walioiunda injini walishaipigia hesabu hiyo, huna haja ya kuirudia. Chukua futi, mtafute mwenye gari lenye injini kama yako ambalo halisumbui, na upime koa ya rejeta yake, yaani ile sehemu ya mirija na mapezi peke yake, bila matangi.

Tuseme umepata sentimita 50 kwa 42. Hiyo ni sentimita mraba 2,100. Uliyonayo ikiwa 40 kwa 36 unapata 1,440, theluthi mbili na kidogo. Itatosha kwenda sokoni na kanisani. Haitatosha kutoka Ahero hadi Kericho ikiwa na watu saba.

Hatua ya 3: Pima nafasi, kwa katoni

Kata katoni kwa ukubwa wa rejeta unayoitaka, pamoja na matangi yake, uisimamishe mahali pake. Utaona mara moja kama inagonga taa, bomba la stelingi au betri. Betri inaweza kuhama, taa haiwezi. Kwa kimo, weka donge la ugali baridi juu ya katoni, funga boneti taratibu, ufungue, upime unene wa donge lilivyobaki. Chini ya sentimita 1 ni hatari kwa barabara zetu.

Kati ya ncha za feni ya injini na koa acha sentimita 2 na nusu au zaidi. Injini huchezacheza kwenye mauntingi zake, yaani raba zinazoibeba, na ukifunga breki ghafla husogea mbele. Nimeshaona feni ikichora duara zuri kwenye rejeta mpya ya mtu.

Hatua ya 4: Tafuta upana kabla ya unene

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Nafasi ikiwa ndogo, mtu hukimbilia rejeta nene ya safu nne za mirija. Upepo unaofika safu ya nne umeshapashwa moto na tatu za mbele, na unapenya kwa shida zaidi. Kila safu unayoongeza inakupa kidogo kuliko iliyotangulia. Ukiweza kupata sentimita 6 za upana kwa kuhamisha betri na kukata mabano ya zamani, zichukue kabla hujafikiria unene. Kwa ile Pijo tulifanya hivyo, tukabaki na safu tatu.

Angalia pia jinsi mapezi yalivyobanana. Mapezi ya karibu karibu hupoza vizuri kwenye karatasi, lakini ukipita kando ya ziwa Kisumu jioni ya wadudu, au nyuma ya trekta huko Njoro, yanaziba. Hapo yaoshe kwa maji ya mpira, ukipiga kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa nguvu ndogo.

Hatua ya 5: Shaba au alumini

Shaba hupitisha joto vizuri kuliko alumini, lakini ni nzito, na maungio yake ya risasi huchoka. Alumini ni nyepesi na mirija yake hutengenezwa mipana, kwa hiyo rejeta nzuri ya alumini haishindwi. Swali langu kwa mteja ni jingine: ikipasuka Awasi saa kumi jioni, nani ataiziba? Ya shaba, fundi wa jua kali mwenye kifaa cha kulehemu ataiunga na utalala kwako. Ya alumini yenye matangi ya plastiki, tangi likipata ufa umemaliza. Ya alumini tupu inahitaji mwenye mashine ya kulehemu kwa gesi ya agoni.

Kwa hiyo gari la safari naliwekea shaba. Kama huipati, chukua alumini na plastiki ya gari ambalo limejaa barabarani, ili nyingine ipatikane mji wowote. Ya kuagiza mtandaoni, inayong'aa kama sufuria mpya, usinunue mpaka umepima yote yaliyotangulia.

Hatua ya 6: Midomo na kimo

Maji ya moto yaingie juu, yatoke chini, na midomo, yaani pale mipira inapofungwa, iwe upande ule ule ilipo midomo ya injini, au karibu. Kipenyo kilingane. Mpira ulionyooka usiupinde kwa nguvu, utajikunja. Nenda dukani na waya mnene ulioukunja kwa umbo unalotaka, utafute mpira wenye kona hiyo. Giaboksi ikiwa otomatiki, rejeta iwe na njia zake za mafuta.

Juu ya rejeta pawe juu kuliko hedi. Ikiwa boneti ya gari lako ni ya chini na haikubali, weka kitangi cha kujazia mahali palipo juu kuliko vyote, la sivyo hewa itakaa kwenye hedi na geji itakudanganya.

Hatua ya 7: Kifuniko

Kifuniko ni cha bei ndogo, na huku milimani kina kazi kubwa kuliko Mombasa. Maji yaliyo wazi huchemka kama nyuzi 96 Kisumu, 94 Nakuru, na 91 hivi kule Timboroa, ambako barabara inapita mita 2,700. Thamostati ya 88 ikifunguka Nakuru, zimebaki nyuzi 6 tu. Kifuniko kizima kilichoandikwa 0.9, yaani shinikizo la baa 0.9, hubana maji yasichemke mapema, na hukusogeza hadi karibu 115. Kikivuja, rejeta kubwa kuliko zote haikusaidii. Nunua kipya, chenye namba ya injini yako, na usipandishe hadi 1.3 ukidhani unatibu: mipira na hita ya gari la miaka 40 havitavumilia.

Hatua ya 8: Feni na kava yake

Feni bila kava huvuta upepo kwenye duara lake tu, pembe za rejeta zinabaki kupumzika. Tengeneza kava ya bati ifunike koa yote, ncha za feni zikiingia nusu ndani ya duara. Pijo zenyewe zilitoka kiwandani na feni ya klachi ya sumaku, inayoshikwa maji yakipata moto. Kitu cha akili, ila ukishabadilisha injini imekwenda.

Ukiweka feni ya umeme, ikae nyuma ya rejeta ikivuta. Iwe na rilei (swichi inayobeba umeme mkubwa) na fyuzi yake, na uthibitishe inavuta kweli kwa kuweka karatasi kwenye grili: inatakiwa inate. Ukigeuza nyaya inasukuma nje, na unapigana na upepo wa barabara.

Hatua ya 9: Funga, jaza, panda

Iketi kwenye raba, isifungwe kwa bolti chuma kwa chuma. Fremu ikijipinda kwenye mashimo, rejeta isijipinde nayo. Jaza maji ya mvua na kulanti, ile dawa ya rejeta, theluthi moja ya kulanti au zaidi kidogo. Maji ya visima vya Nakuru yana floridi na madini tele, yaache. Inua pua ya gari, fungua hita, acha injini ingurume mpaka thamostati ifunguke na mapovu yaishe.

Kisha jaza watu na upande kutoka Salgaa adhuhuri, jua likiwa kali, si alfajiri. Na Pijo ya mzee mshale ulivuka nusu pale Sachangwan, ukasimama, na kabla ya Mau Summit ulikuwa umerudi. Mzee hakusema kitu, alikuwa ameshika geji kwa macho. Kesho yake, injini ikiwa baridi kabisa, tulifungua kifuniko: maji yalikuwa yamefika mdomoni, na kwenye chupa ya akiba alama ya kalamu haikuwa imeshuka.