Namna ya kusoma alama za kamba kwenye vigae vya kale

Mvua za kwanza zinapoosha mashamba ya Ujiji au Uvinza, mkoani Kigoma, Tanzania, vigae vya vyungu huonekana juu ya udongo, na baadhi vina vijichirizi vya mshazari ambavyo mfinyanzi aliviacha kwa kuviringisha kipande cha kamba kwenye udongo mbichi. Kamba yenyewe haiishi muda mrefu mbele ya mchwa na unyevu, lakini alama yake iliyochomwa motoni hudumu.

Usiondoke na kigae, kwani chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 uchimbaji na ukusanyaji wa mabaki ya kale huhitaji leseni. Kipige picha kikiwa palepale, asubuhi au jioni, jua likimulika kwa upande ili vijichirizi vitoe kivuli, na uweke sarafu kando yake kama kipimo. Kisha igeuze picha kwenye simu, kushoto kuwe kulia, kwa sababu alama ni kinyume cha kamba iliyoiacha. Kwa kuwa kamba ilikuwa ikiviringishwa, ililala kwa upana wa mkanda wa nakshi. Zungusha picha hadi upana huo usimame wima, ndipo utazame kama nyuzi zinainama kama mstari wa kati wa herufi S au wa Z. Hilo, pamoja na unene wa uzi, ndilo la kuandika. Aina ya mmea haisomeki hapo, na anayekuambia ni pamba anabahatisha.

Kigae cha duara chenye tundu kinahitaji tahadhari zaidi. Tundu likiwa katikati kabisa na kingo zikiwa zimesawazishwa, huenda kilikaa kwenye kijiti cha kusokotea uzi. Wasafiri wa karne ya 19 waliwakuta Wanyamwezi wakifuma nguo za pamba. Tundu likienda upande, hasa karibu na Ziwa Tanganyika, fikiria chubwi kwanza, yaani kizito cha kuzamishia wavu. Kipande cha kamba ya mkonge si cha kale hata kidogo, maana mkonge uliletwa nchini mwaka 1893.

Ukiona ushanga au kikuku cha shaba, usisugue kutu yake ya kijani. Huko Mehrgarh, Pakistani, nyuzi za pamba za milenia ya sita kabla ya Kristo zilihifadhiwa ndani ya ushanga wa shaba, kwa kuwa chumvi za madini hayo ziliziingia zikazuia kuoza. Kiache kilipo na umwarifu ofisa utamaduni wa wilaya.