Pedali ya breki inayozama: tambua kasoro kabla ya kushika spana

Pedali ya breki ikianza kuwa laini, gari hilo lisitoke tena barabarani mpaka sababu ijulikane. Nalisisitiza hili zaidi kwa wenzetu wanaopanda na kushuka uwanda wa Makonde, kwa kuwa mteremko wa Newala si mahali pa kupampu breki mara tatu ndipo ishike. Katika gereji zetu dawa ya kwanza huwa ni kutoa upepo (hewa iliyonaswa kwenye mafuta ya breki), hata kabla fundi hajaikanyaga pedali yenyewe kwa utulivu. Breki hurudi kwa muda mfupi, kisha tatizo huanza upya, kwa sababu kifaa kibovu hakikuguswa.

Hatua ya kwanza hufanyika injini ikiwa imezimwa. Kanyaga pedali mara tano au sita mpaka nguvu ya busta (kifaa kinachosaidia mguu kusukuma breki) iishe na pedali iwe ngumu, kisha ikandamize kwa nusu dakika bila kuondoa mguu. Ikisimama palepale, mfumo unashika presha. Ikibonyea kama godoro lakini ikapanda unapopampu, shuku upepo ndani ya mabomba, au liningi za nyuma (vibao vya breki) zilizo mbali mno na drami, ile bakuli ya chuma zinayoisugua. Ikishuka polepole chini ya mguu mpaka karibu na sakafu, presha inavuja mahali fulani. Endelea kukanyaga, sasa uwashe injini: pedali ikishuka kidogo na kusimama, hiyo ni busta inafanya kazi yake, wala si ugonjwa.

Hatua ya pili ni kutazama kopo la mafuta ya breki. Mafuta hupungua taratibu kadiri pedi zinavyolika, lakini yakipungua haraka yanavuja nje. Kagua upande wa ndani wa kila gurudumu, mipira ya breki (mabomba laini ya raba), na mabomba ya chuma yanayopita chini ya gari, hasa pale yanaposhikwa na klipu, kwa maana kwetu pwani chumvi na mchanga hukaa hapo na kutu huanzia hapo. Vua drami za nyuma, uinue kwa ncha ya bisibisi kifuniko cha raba cha silinda ya gurudumu. Mafuta yakichuruzika, raba za ndani zimekwisha. Sehemu inayosahauliwa mno ni pale masta (silinda kuu inayosukuma mafuta ya breki) inapoungana na busta, kwa kuwa mafuta yanaweza kuingia ndani ya busta bila tone moja kuonekana chini. Legeza nati zinazoishikilia masta, uivute mbele kidogo bila kufungua mabomba, kisha utazame nyuma yake.

Ikiwa hakuna uvujaji wowote, kopo limejaa, na bado pedali inazama, masta ndiyo mshukiwa mkuu: raba zake zimelika na mafuta yanapita pembeni yake yakirudi yalikotoka. Mafuta meusi yenye chembe za raba ndani ya kopo huongeza ushahidi. Raba peke yake zinaweza kubadilishwa, lakini pitisha kwanza kidole ndani ya silinda. Ukihisi mikwaruzo au vishimo vya kutu, nunua masta nzima, maana raba mpya hazitadumu humo. Kabla ya kuifunga kwenye gari, ibane kwenye jiliwa, urudishe vimipira vifupi kutoka matundu yake hadi kwenye kopo, kisha usukume pistoni polepole mpaka mapovu yakome. Ukiiruka kazi hii utahangaika na upepo jioni nzima.

Ndipo utoe upepo kwenye magurudumu, kwa kawaida ukianza na lililo mbali zaidi na masta, ambalo kwa magari yetu ya usukani wa kulia ni la nyuma kushoto. Kitabu cha gari kikisema vinginevyo, kifuate. Msaidizi akanyage taratibu na kushikilia, wewe ufungue nipo (skrubu ndogo ya kutolea upepo), uifunge kabla hajaachia mguu. Kwenye masta ya zamani weka kipande cha ubao chini ya pedali, ili pistoni isifike sehemu yenye kutu isiyotumika siku zote na kuchana raba. Kopo lisikauke hata mara moja.

Maswali ya wanachama

*Masasi: Shikamoo fundi. Asubuhi pedali ni nzuri, lakini nikishuka Newala na mzigo inalegea, kisha nikipumzika inarudi.*

Marahaba. Hayo ni mafuta yanayochemka. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa: DOT 3 (daraja mojawapo la mafuta hayo) mpya huvumilia angalau nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Mvuke hubonyea, mafuta hayabonyei. Badilisha mafuta yote, uhakikishe hakuna kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) iliyokwama, na ushuke kwa gia ndogo. Chupa iliyokaa wazi gereji usiitumie.

*Lindi: Mafuta yaliniishia njiani, nikashauriwa niongeze oili ya injini kidogo.*

Usithubutu, ndugu yangu. Oili ya injini huvimbisha raba za mfumo mzima. Ikiwa imeshaingia, gari lisiendeshwe. Mabomba yasafishwe, na kila kifaa chenye raba kibadilishwe, kuanzia masta hadi mipira.

*Mtwara: Tumebadilisha kalipa za mbele na kutoa upepo mara mbili, pedali bado laini. Gari lina ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga unapokanyaga breki).*

Upepo unaweza kubaki ndani ya kitengo cha ABS, na baadhi ya magari huhitaji kompyuta ya uchunguzi ili kuutoa. Lakini tazameni kwanza kalipa hizo mpya: nipo zikielekea chini, ya kulia imefungwa kushoto na ya kushoto kulia. Upepo hukaa juu, nipo iko chini, nanyi mtatoa mafuta tu. Zibadilishaneni nafasi, kisha mtoe upepo tena.