Kulinda banda la nyasi usiku wa fataki: ninavyofanya hapa Kisumu, hatua kwa hatua

Wiki iliyopita mama mmoja mwenye mkahawa wa bustani karibu na ziwa alinipigia simu. Mwezi wa Agosti nilimwezekea mabanda matatu ya nyasi, na sasa wageni wake wanataka kuukaribisha mwaka kwa fataki. "Fundi, hizi nyasi zako si zitaniwakia?" Nikaenda, tukashinda pale tukipanga. Naandika tuliyoyapanga kwa sababu swali hilo naulizwa kila Desemba, na wakati wa Diwali pia.

Kati ya nyakati hizo mbili, naogopa zaidi Desemba 31. Diwali huja Oktoba au Novemba, vuli ikinyesha, na nyasi huwa na unyevu. Ukifika mwaka mpya, mara nyingi mvua imeshapungua na paa limekauka kama karatasi. Na usifikiri hayakuhusu kwa kuwa wewe huwashi chochote. Jirani akiwasha, vipande vyaweza kuangukia kwako.

Hatua ya 1: Kibali

Fataki Kenya ziko chini ya Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115. Kibali hutoka kwa wakaguzi wa vilipuzi walio chini ya idara ya madini. Barua ya chifu haitoshi. Omba mapema, kijulishe kituo cha polisi, waambie majirani.

Hatua ya 2: Chagua fataki gani

Penye nyasi mimi sikubali roketi. Roketi hupanda, hupasuka, kisha kijiti na ganda lake hushuka popote upepo utakapo, wakati mwingine likiwa bado na kaa. Mwenye tukio akishikilia roketi lazima, namwambia zipigwe mita 100 au zaidi kutoka paa lolote la nyasi, la sivyo mimi siweki jina langu pale. Usidanganyike na umbali ulioandikwa kwenye boksi, mita 8 au mita 25. Umbali huo ni wa watazamaji waliosimama. Hausemi lolote kuhusu kinachoanguka baadaye.

Ninazopenda ni zile zinazokaa chini na kutema cheche juu kama chemchemi. Zinapendeza, na unaona cheche zinaishia wapi.

Taa za karatasi zinazopaa na mshumaa ndani yake, hapana kabisa. Usiku wa kuamkia Januari 1, 2020, taa za aina hiyo ziliteketeza nyumba ya nyani katika bustani ya wanyama ya Krefeld, Ujerumani, na wanyama zaidi ya 30 wakafa. Na zile nyaya za kumetameta ambazo watu huchomeka kwenye keki, ziwakie nje. Joto lake hupita nyuzi 1,000, na mtoto akiinua mkono chini ya upenu mfupi, ameshagusa nyasi.

Hatua ya 3: Soma upepo kwa saa inayofaa

Hapa wengi hukosea kwa kuwa wanapima alasiri. Kisumu, mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku hugeuka, ukatoka nchi kavu kuelekea majini. Ukipanga mahali pa kuwashia saa kumi jioni kwa upepo wa wakati huo, saa sita usiku makaa yote yatarudi juu ya mabanda yako. Kwa hiyo nenda usiku mmoja au miwili kabla, saa ileile ya tukio, na utepe mwepesi uliofungwa kwenye fito ndefu. Mara nyingi utakuta mahali pazuri ni ufukweni, mabanda yakiwa nyuma yenu na upepo ukisukuma kila kitu majini. Usiku wenyewe upepo ukigeuka, au mawingu ya radi yakianza kuvuma, fataki zingoje. Zisipowashwa hakuna aliyepungukiwa.

Hatua ya 4: Tayarisha paa na uwanja

Toa mitungi ya gesi jikoni, ipeleke mbali na mabanda. Zima umeme wa mabanda kwenye swichi kuu kabla ya kumwaga maji, maana mara nyingi nyaya zimepitishwa ndani ya nyasi. Lowesha paa saa moja kabla, ukianzia kilele. Weka ngazi mbili, mpira wa maji uliokwisha jaribiwa, mitungi ya maji ya lita 20, na kulabu ya chuma kwenye mpini mrefu. Kulabu hiyo usiisahau, nitaieleza chini.

Nyumba ya mabati nayo haijasalimika. Safisha gata, kwani majani makavu na maua ya jakaranda huwa yamejaa humo. Toa viota vya shomoro kwenye mawimbi ya mabati pale pembeni. Cheche moja ikiingia kwenye kiota, iliyo nyuma yake ni mbao.

Hatua ya 5: Kuwasha

Mtu mmoja, hajanywa, anawasha kwa kijiti kirefu. Isiyolipuka usiirudie. Ngoja nusu saa, kisha itumbukize kwenye ndoo ya maji ilale humo.

Hatua ya 6: Kukesha

Hii ndiyo hatua iliyonigharimu, kwa hiyo nivumilie.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye sherehe upande wa Dunga, kwenye banda nililoliezeka mwenyewe. Fataki ziliisha saa sita na robo. Tulizunguka na tochi, hatukuona kitu. Kwa usalama tukalipiga paa maji kwa mpira dakika 40 hivi, likawa linachuruzika, tukaenda kulala tukiwa na amani. Saa tisa na nusu askari akatugongea. Moshi ulikuwa unatoka kwenye kilele. Tulipambana hadi kumekucha, na nusu ya paa ikaenda.

Kumbe kaa lilikuwa limeingia chini ya mafunjo tuliyofunikia kilele, likafukuta ndani kwa zaidi ya saa tatu bila kutoa mwali. Yale maji yetu yote yalipita juu. Nyasi huezekwa kwa mteremko ili maji yateleze yaende zake, na paa linalozuia masika litazuia na mpira wako. Unyevu wa juu unapunguza nafasi ya cheche kushika. Ukiwa moto umeshaingia ndani, maji ya juu yanakupa matumaini ya uongo.

Tangu hapo nafanya hivi. Watu wawili wanakesha angalau saa nne baada ya fataki ya mwisho, na kila nusu saa wanazunguka. Wanaanza ndani, taa zikiwa zimezimwa, kwa sababu chembe nyekundu huonekana gizani na hupotea ukimulika. Baadaye wanawasha tochi kutafuta uzi wa moshi au majivu membamba yanayodondoka mezani. Wananusa pia: nyasi zinazofukuta zina harufu kali ya kukwaruza koo, tofauti na moshi wa nyama choma. Hapo ndipo shida ilipo, kwani jiko la nyama likiendelea kuwaka pua haikusaidii. Lizimeni mapema. Mwisho wanagusa nyasi kwa chini na mgongo wa mkono, hasa karibu na kilele na pale paa mbili zinapokutana.

Mkipata pahali pa moto, chomoeni. Ingiza kulabu kwa chini, vuta nyasi zile na za pembeni hadi ufikie zilizo baridi, zianguke kwenye karai la maji. Mimina maji ndani ya tundu, ukiwa ndani ya banda na mlango nyuma yako wazi. Usipande juu ya paa. Fito zilizoungua ndani hazitakubeba. Utaharibu kipande cha paa, ndiyo. Kipande nitakuja kukiziba kwa siku moja.

Ila mwali ukionekana, hata mdogo, acheni kulabu. Toeni watu wote, hesabuni, pigeni 999 au 112. Namba ya zimamoto ya kaunti iwe imeshahifadhiwa kwenye simu ya anayekesha, na lango liwe wazi bila gari kuziba njia. Paa la nyasi likishika mwali ni suala la dakika chache, na maji yenu sasa yatumike kulowesha mabanda ya jirani.

Anayekesha asiwe askari wa geti. Yule ana kazi yake, na amechoka tangu jioni. Lipa watu wawili wengine, wape chai.

Hatua ya 7: Asubuhi

Okota masalio kabla watoto hawajaamka. Kama mlipiga roketi, hesabu vijiti na ulinganishe na roketi zilizopigwa. Zikiwa ni 12 na umepata vijiti 9, tafuta vitatu vilivyobaki ufukweni na kwa majirani. Usipoviona, chukua ngazi, uanze kukagua kilele upya.