Kumhamisha mbwa wa nyumbani kutoka Unguja hadi Ulaya

Anza miezi 6 kabla ya safari. Tanzania haimo katika orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya umezilegezea masharti ya kichaa cha mbwa, kwa hiyo njia ni ndefu na haina mkato.

Kwanza chipu ya utambulisho yenye namba ya tarakimu 15, chini ya ngozi ya shingo. Ndipo chanjo ya kichaa cha mbwa, mbwa akiwa ametimiza wiki 12. Ukitanguliza chanjo, haihesabiki na itabidi achanjwe upya. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Zikishapita siku 30, daktari anatoa damu, inapelekwa maabara iliyoidhinishwa na Umoja huo. Kinga kwenye damu isipungue 0.5 IU (kipimo cha kimataifa) kwa mililita. Kisha subiri miezi 3 tangu siku damu ilipotolewa, si siku majibu yalipofika. Na usiache chanjo ikapitwa na muda, maana damu itatolewa tena.

Cheti cha afya anasaini daktari wa mifugo wa serikali, ndani ya siku 10 kabla ya kuwasili. Kwa Uingereza, Ufini au Malta ongeza dawa ya tegu, saa 24 hadi 120 kabla ya kufika.

Kizimba cha kumsafirishia kimtoshe kusimama bila kichwa kugusa juu, kugeuka na kujinyoosha. Kilete nyumbani wiki kadhaa mapema, alishwe humo, akizoee. Tafadhali usimpe dawa ya usingizi: hushusha presha na pumzi, na huko angani hakuna wa kumwangalia. Msimu wa kaskazi, joto likiwa kali, tafuta ndege ya usiku.