Unataka leseni ya fundi gesi Uingereza? Mtafute kwanza wa kukusimamia

Vijana wetu wa Unguja na Pemba walioko Uingereza, na wengine bado wapo hapa wanasubiri makaratasi ya kwenda kwa ndugu zao, kila siku wanauliza hii kazi ya gesi vipi, ina pesa, mtu anaanzia wapi. Pesa ipo. Shida wengi wanalipia kozi kwanza halafu ndo wanaanza kuhangaika kutafuta mtu wa kwenda nae saiti, na hapo ndo mambo yanakwama, maana darasa utalipata kila mji lakini fundi wa kukubali kutembea na wewe miezi ndani ya gari lake hapatikani kirahisi. Mie kazi hii nimeifanya kule, sasa nipo huku nafunga na kutengeneza majiko ya mahoteli upande wa Nungwi na Kendwa, basi nawaambia nnavojua.

Kwanza ujue sheria yao haina mchezo. Kanuni za gesi za mwaka 1998 zinasema mtu akifanya kazi ya gesi kwa biashara lazima awe amesajiliwa, na anaesajili ni Gas Safe Register, walioshika nafasi ya CORGI, waliokuwa wakisajili zamani, mwezi wa nne mwaka 2009 (wazee wa kule mpaka leo watakuuliza we ni CORGI?). Ukikubaliwa unapewa kadi yenye picha yako, namba ya leseni na tarehe ya kumalizika, na nyuma imeandikwa kazi gani unaruhusiwa. Hapo nyuma ndo muhimu. Mtu anaweza kuwa na kadi safi kabisa lakini ameruhusiwa majiko tu, boila (ile mashine ya kuchemsha maji na kupasha nyumba joto) haimuhusu, akiigusa kavunja sheria.

Mitihani yenyewe wanaiita ACS. Ya msingi kwa majumbani ni CCN1, huwezi kuikwepa, halafu unaongeza CENWAT kwa boila na maji moto, CKR1 kwa majiko, HTR1 kwa zile hita za moto za sebuleni, na kila miaka 5 unarudi kufanyiwa upya. Sasa wewe mgeni wa kazi huruhusiwi kuingia tu mtihanini kwa sababu umesoma vitabu, wanataka ushahidi kwamba umefanya kazi hizo kwa mikono yako chini ya fundi aliesajiliwa. Ushahidi huo unakusanywa kwenye faili, wenyewe wanaliita potifolio.

Kumpata huyo msimamizi, usianze na makampuni makubwa, yale yana wanagenzi wao wanachukua vijana wadogo waliotoka skuli. Tafuta fundi anaejitegemea, mwenye gari lake na mteja wake. Uliza msikitini, uliza kwenye shughuli za harusi, Wazanzibari tumejaa kule na hakosekani anaemjua Mpakistani au Mzungu mwenye kazi ya mabomba. Ukimpata usimwambie nataka uzoefu, kila mtu anataka uzoefu. Mwambie utabeba vyombo, utasafisha, utavunja ukuta, utafukua, na kwamba umeshajua kukata na kuunga bomba la shaba. Leseni ya gari nayo inasaidia sana, ya kwetu unaitumia miezi 12 tu tangu uanze kuishi kule, baada ya hapo lazima ufanye mtihani wao, usisubiri mpaka ikaribie kwisha.

Na wewe umuulize yeye, usione haya. Kadi yako naweza kuiona? Namba yake unaiangalia mwenyewe kwenye mtandao wa Gas Safe, inachukua dakika moja. Kisha muulize kazi zake kwa wiki ni zipi, kwa sababu kama anafanya sevisi za boila tu basi utamaliza mwaka faili lako limejaa boila, majiko hakuna, bomba jipya hakuna, na chuo watakurudishia. Kama ni hivo tafuta fundi wa pili wa kwenda nae siku moja moja. Na muulize bima yake inakujua wewe? Jingine, kusimamiwa maana yake awepo. Akikushusha nyumba ya mtu akasema maliza hiyo boila nakuja jioni, huo sio usimamizi, ni kukutumia, na likitokea jambo nyote wawili mmekwisha.

Kule saiti usikae kushika tochi tu. Kazi ya kuililia uifanye wewe mapema ni kupima kama bomba linavuja, maana utaifanya maisha yako yote. Unafunga kile kipimo cha bomba la plastiki lililopinda kama herufi U lenye maji ndani, unafungua gesi pole pole maji yanapanda mpaka kama milibaa 10 hivi (ndo kipimo cha presha kilichoandikwa pembeni), unafunga, unasubiri dakika moja kuona kama valvu ya mita yenyewe inapitisha. Ikiwa sawa unapandisha mpaka 20, dakika moja unaiacha itulie, kisha dakika 2 za kupima kwenyewe. Macho kwenye mstari wa maji, usiongee na mwenye nyumba. Bomba jipya ambalo bado halijafungwa kifaa maji hayatakiwi kushuka hata kidogo. Mara ya mwanzo mkono utatetemeka na utafungua valvu kwa pupa maji yarukie zulia la watu, ndo maana nasema msimamizi awe pembeni.

Faili andika usiku ule ule. Tarehe, eneo, kifaa cha aina gani na modeli yake, ulifanya nini, ulipata vipimo gani, picha kabla na baada, kisha saini ya msimamizi na namba yake ya leseni. Usimkusanyie karatasi za miezi mitatu umletee siku moja asaini, atasaini bila kusoma na yule mkaguzi wa chuo akikuuliza mbona hapa presha umeandika hivi huna jibu. Na ile kukopi kazi moja ukabadilisha anwani, wanaijua, wameiona sana.

Kwa nyie mliopo hapa nyumbani bado, msikae barazani. Nenda kwenye vituo vya mafunzo ya amali, Mkokotoni, Mwanakwerekwe au Vitongoji kwa watu wa Pemba, kajifunze mabomba. Halafu omba kibarua kwa fundi anaefunga gesi mahotelini. Saa hizo hazitahesabiwa kwenye leseni ya kule, usijidanganye, lakini mkono utakuwa mwepesi. Ila kuna kitu kimoja lazima ukibadilishe kichwani. Gesi yetu ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka chini, inatambaa sakafuni na kujikusanya kwenye mashimo, kwa hiyo sie tunaangalia chini. Kule nyumba nyingi zinatumia gesi ya bomba la mtaani, ambayo ni nyepesi, inapanda juu kwenye dari. Na nyumba zao zimefungwa kwa baridi, boila ikiunguza vibaya ile moshi sumu ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, watu wanaumwa kichwa wanadhani mafua, wanalala hawaamki. Sie na madirisha yetu wazi hili hatulijui, na wakaguzi wanalijua kwamba hatulijui, watakuuliza hapo hapo.

Vyombo usikimbilie kununua. Spana nzuri, kile kipimo cha herufi U, tochi, vinatosha kuanzia. Ile mashine ya kupimia moshi wa boila ni ghali na kila mwaka inapelekwa kukaguliwa kwa pesa, tumia ya bosi wako mpaka upate kadi.