Kupaa kwa paraglaidi juu ya Cape Town: mwongozo kwa mgeni wa mara ya kwanza

Cape Town ni miongoni mwa miji michache ya pwani ambako mgeni asiye na mafunzo yoyote anaweza kukimbia hatua chache kwenye mteremko wa kilima, akapaa juu ya mapaa ya nyumba, na baada ya muda mfupi akatua kwenye majani kando ya bahari, mahali ambapo wenyeji wanatembeza mbwa wao na watoto wanacheza mpira. Mchezo wenyewe ni paraglaidi ya watu wawili: abiria hufungwa mbele, rubani mwenye leseni nyuma yake, na wote wawili huning'inia chini ya bawa moja la kitambaa. Maelezo haya yanamlenga mtu anayefika katika mji huo kwa mara ya kwanza, ambaye hajawahi kuruka na ambaye ana siku chache tu za kukaa huko.

Marubani wengi wanaochukua wageni huruka kutoka Signal Hill, kilima chenye urefu wa mita 350 ambacho ni kama mkia wa mlima mkubwa zaidi wa Lion's Head wenye mita 669. Barabara ya lami hufika hadi juu, kwa hiyo mtu hupanda kwa gari au teksi na kutembea kidogo tu hadi kwenye uwanja wa kurukia, ulio upande wa magharibi unaotazama mtaa wa Sea Point na Bahari ya Atlantiki. Kutua hufanyika huko chini Sea Point, kwenye uwanja wa majani unaofuatana na njia ya matembezi ya ufukweni. Kuna marubani wanaoruka pia kutoka Lion's Head, lakini huko hufiki kwa gari, unapanda kwa miguu. Kwa mgeni ambaye magoti yake yataombwa kukimbia baadaye, naona Signal Hill inatosha kabisa.

Kabla ya kuuliza bei, elewa upepo wa mji huu, kwa sababu upepo ndio utakaoamua kama utaruka au utabaki ukiangalia bahari. Bawa la paraglaidi halina injini. Linahitaji upepo wa wastani unaovuma kutoka baharini na kugonga kilima usoni, kwani hewa hiyo ikifika kwenye mteremko haina pa kwenda ila kupanda juu, na bawa hupanda pamoja nayo. Maji ya Atlantiki upande huu ni baridi hata kiangazi kutokana na mkondo wa Benguela unaotoka kusini, ilhali nchi kavu hupata joto haraka jua likishapanda. Tofauti hiyo huivuta hewa ya bahari kuelekea nchini, na ndiyo maana kuanzia mwisho wa asubuhi upepo mzuri wa kurukia huanza kujitokeza siku ambazo hakuna upepo mwingine wenye nguvu zaidi.

Upepo huo mwingine upo, na ni mbabe. Unavuma kutoka kusini-mashariki, hasa kati ya Oktoba na Machi, na wenyeji wameuita daktari wa Cape kwa sababu huondoa moshi na vumbi mjini. Msomaji aliyekulia Mombasa, Tanga au Unguja asiuhesabu kwa kalenda ya kwao, ambako kusi huvuma katikati ya mwaka na Desemba ni wakati wa kaskazi. Cape Town hali ni kinyume, na upepo wa kusini-mashariki hukolea hasa wakati wa likizo za Desemba na Januari, watalii wanapokuwa wengi. Ubaya wake kwa mrukaji ni kwamba hufika Signal Hill ukiwa umeshavuka milima, hivyo upande wa Sea Point hewa hushuka na kuvurugika badala ya kupanda. Mtu aliyesimama chini ufukweni anaweza kuhisi utulivu na kushangaa kwa nini marubani wamekunja mabawa yao. Dalili zake unaweza kuzisoma mwenyewe: wingu jeupe limefunika kilele cha Table Mountain na linamwagika ukingoni, au gari la kamba la mlima huo limefungwa kwa sababu ya upepo. Ukiona hivyo, usipande kilimani kwa matumaini. Piga simu kwanza. Katika miezi ya Juni hadi Agosti tatizo ni lingine, yaani mvua zinazoletwa na pepo za kaskazini-magharibi, ingawa kati ya mvua moja na nyingine hutokea siku tulivu zenye anga safi sana.

Kutokana na hayo, weka nafasi ya kuruka siku ya kwanza au ya pili baada ya kufika, na siku zilizobaki ziwe akiba. Mtu anayeiweka siku ya mwisho, ndege yake ikiwa jioni, anajitafutia majuto, na kibaya zaidi anajitia katika hali ya kumsihi rubani aruke wakati rubani mwenyewe anasita. Uliza mapema kama kuahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa kunatozwa ada, na kama ulilipa kwanza, fedha zitarudishwa kwa njia gani. Acha namba ya simu inayopatikana huko, kwa maana marubani wengi huamua asubuhi ileile na kupiga simu. Kumbuka pia kwamba saa za Afrika Kusini ziko nyuma ya zetu za Afrika Mashariki kwa saa moja. Ukiambiwa mkutane saa tano asubuhi, hakikisha saa yako ya mkononi imesharekebishwa.

Katika kuchagua kampuni, mambo ya kuuliza ni machache lakini yasikwepwe. Rubani awe na leseni inayomruhusu kubeba abiria, kwa kuwa leseni ya kuruka peke yake haitoshi. Chama cha taifa cha mchezo huu kinaitwa SAHPA, na rubani wa kweli hatakasirika ukimwomba akuonyeshe kadi yake. Uliza kama kuna parachuti ya akiba, ambayo hukaa imefungashwa katika vifaa vya kurukia na ambayo rubani huirusha bawa likiharibika angani. Uliza uzito wa juu wanaoukubali, kisha utaje uzito wako wa kweli, kwa sababu bawa huchaguliwa kulingana na jumla ya watu wawili na vifaa vyao, na kilo kumi ulizozificha kwa haya zitajionyesha wakati wa kukimbia. Bei itajwe ikiwa kamili: je, picha na video zimo ndani yake au zinalipiwa mbali? Mwisho, isome bima yako ya safari. Nyingi huiorodhesha paraglaidi miongoni mwa michezo isiyolipiwa fidia mpaka uongeze kipengele maalumu. Mjamzito asiruke, na aliyefanyiwa upasuaji karibuni au mwenye maradhi ya moyo, mgongo au magoti amwone daktari wake kabla ya kusafiri.

Vaa viatu vya kufunga vyenye soli inayoshika, suruali, na koti jepesi, maana juu ya bahari baridi upepo hupenya hata siku ya jua. Dera au sketi ndefu haifai peke yake, kwa sababu mikanda hupita mapajani na kitambaa kilicholegea huweza kunaswa kwenye bizimu; suruali ndani yake hulimaliza tatizo hilo. Hijabu haina shida chini ya helmeti, ila pini zitolewe na ncha zake zichomekwe ndani ya koti. Kula chakula chepesi saa moja au mbili kabla. Tumbo tupu huleta kichefuchefu sawa na tumbo lililoshiba biriani.

Huenda ukasubiri hapo juu kwa nusu saa au zaidi mpaka upepo utulie, na huo si uzembe wa mtu. Karibu na hapo lipo kaburi la walii, mojawapo ya yale ambayo Waislamu wa Cape Town huyaita kramat na huyazuru mpaka leo. Kila siku isipokuwa Jumapili na sikukuu za kitaifa, saa sita kamili mchana, mzinga hupigwa kwenye kilima hichohicho, desturi iliyoanza mjini mwaka 1806, kwa hiyo ukisikia mlipuko wakati unafungwa mikanda usidhani kuna kilichopasuka.

Sasa tufike kwenye kuruka kwenyewe, ambako sehemu ya abiria ni ndogo lakini ni ya lazima. Rubani atakuvalisha kiti chenye mikanda na kufunga bizimu za mapajani na kifuani. Za mapajani ndizo muhimu kuliko zote, kwa sababu mtu anaweza kusimama vizuri ardhini bila kugundua kwamba hazikufungwa, kisha akateleza nje ya kiti miguu ikishaacha ardhi. Zivute mwenyewe kwa mkono, moja baada ya nyingine, na usione aibu kumwomba rubani azikague tena. Kisha utaunganishwa na bawa kwa karabina, yaani pete za chuma za kufungia. Utausikia mlio wake zikijifunga. Bawa, ambalo lina ukubwa wa mita za mraba 40 hivi, litakuwa limetandazwa nyuma yenu, midomo yake ikiwa wazi kwa mbele, na hewa ikiingia katika midomo hiyo hulijaza na kulifanya gumu.

Rubani akitoa amri, kwa kawaida kwa Kiingereza, inama kidogo mbele na utembee kwa nguvu. Mara utahisi unavutwa nyuma na mabega: ni bawa linapanda kutoka ardhini. Wageni wengi hapo husimama, au hukaa, na hilo ndilo kosa pekee kubwa ambalo abiria anaweza kulifanya siku hiyo. Endelea kusukuma mbele. Baada ya hatua mbili tatu mvuto hupungua kwa sababu bawa sasa liko juu ya vichwa vyenu, na amri ya kukimbia itakuja. Kimbia hata mteremko ukikuonyesha mapaa ya nyumba chini yako, kimbia hata miguu ikianza kugusa hewa tupu, wala usiruke kama mtu anayevuka mtaro, kwa kuwa kuruka hulegeza kamba kwa kitambo na bawa hupoteza nguvu. Wakati wote huo mikono ishike mikanda ya mabega yako. Kamba zinazokwenda juu kwenye bawa ni za rubani.

Mkishakuwa hewani atakuambia ujisogeze nyuma kitini. Sukuma makalio nyuma huku ukiinua magoti, na ghafla utakuta umekaa vizuri kuliko kwenye basi. Mwendo ni wa kilomita 35 hadi 40 kwa saa, lakini kwa kuwa hakuna kitu karibu cha kupimia, hauonekani. Kulia kwako, ukitazama bahari, utaona Green Point na uwanja wake wa mpira uliojengwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la mwaka 2010, pamoja na mnara wa taa wenye mistari myekundu na myeupe ambao umekuwa ukiwaongoza mabaharia tangu mwaka 1824. Mbele zaidi baharini, siku yenye anga safi, kipo kisiwa cha Robben, ambako Nelson Mandela alifungwa kwa miaka 18 kati ya miaka yake 27 ya kifungo. Kushoto ni Lion's Head, na rubani akigeuza bawa, Table Mountain hujitokeza nyuma yake.

Muda wa kuruka hauahidiki. Bawa la watu wawili hushuka kwa zaidi kidogo ya mita moja kila sekunde, hivyo katika hewa iliyotulia kilima cha mita 350 hutoa dakika tano hivi tu. Upepo ukiwa unapanda vizuri kwenye mteremko, rubani huweza kwenda na kurudi mbele ya kilima na muda ukafika robo saa au kuzidi. Anayekuahidi dakika kamili kabla hajautazama upepo anauza maneno.

Marubani hupenda kuuliza kama ungependa mizunguko ya kasi kabla ya kutua. Mizunguko hiyo hukandamiza mwili kitini na huvuruga tumbo la mtu asiyeizoea, kwa hiyo kwa safari ya kwanza ni busara kukataa, na kukataa hakuhitaji maelezo. Ukihisi kichefuchefu, mwambie mapema, kaza macho kwenye mstari wa upeo wa bahari, na uache kutazama kwenye skrini ya kamera. Simu yako iache mfukoni penye zipu: ikianguka, ama itazama baharini au itamwangukia mtu Sea Point.

Kutua ni kwepesi kuliko kuondoka. Bawa huelekezwa kwenye upepo, rubani hukuambia unyooshe miguu na usimame ndani ya mikanda, au, upepo ukiwa hafifu, uiinue mbele ili mtue kwa kukaa. Fuata atakalosema dakika hiyo, wala si uliloliona kwenye video. Majani yakikaribia rubani huvuta kamba zote mbili za breki, kasi hukatika, na mnapiga hatua chache. Usikae chini mara moja, kwa sababu bawa bado lina upepo na linaweza kuwavuta; subiri mpaka lilale.

Ukifunguliwa, sogea pembeni ili anayefuata apate nafasi ya kutua. Kama uliacha gari au begi kilimani, uliza usafiri wa kurudi juu unaondoka saa ngapi, na video uliyoilipia ihamishiwe kwenye simu yako palepale, kabla kamera haijafungwa kwa abiria mwingine.